Macho Mekundu ya Bibi

Macho ya bibi yangu yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Naliandika hilo kwanza, kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu wako watu wengi wanaolijua na hawajawahi kulisema kwa sauti. Kwetu kuni zilikuwa shida. Ukishavuna pamba, ile miti inayobaki shambani unaing'oa, unaianika, ndiyo unapikia, na ikipungua unaongeza samadi kavu. Moshi wake unawasha machoni kama pilipili. Bibi aliuinamia moshi huo tangu mama yangu hajazaliwa, kwa sababu alikuwa anaoka mikate, na katika kijiji chetu chote, upande wa Ngulyati, hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeoka mikate.

Alijifunza akiwa msichana, jikoni kwa masista wa misheni, alikokuwa ameajiriwa kuosha vyombo. Sista mmoja mzungu, mzee tayari, alimfundisha. Sista huyo hakujua Kisukuma na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo kila bibi alipokosea kukanda alimpiga kofi dogo mkononi. "Mkono wangu ulielewa kabla ya kichwa," bibi alikuwa akisema, na alicheka kila aliposimulia.

Alipoolewa, babu alimjengea tanuri nyuma ya nyumba. Lilikuwa pipa la mafuta lililolazwa ubavu, likazungushiwa matofali ya udongo na kukandikwa kwa tope. Makopo ya kuokea alikatiwa na fundi bati kutoka kwenye madebe. Babu alikufa kabla sijamjua. Tanuri lilibaki, na kila mwaka baada ya mvua bibi alilikandika upya kwa mikono yake.

Hakuwa na saa. Mkate mkubwa ulikaa tanurini rozari nzima pamoja na litania. Skonzi zilikaa makumi matatu ya rozari. Akiharakisha sala, mkate unatoka mbichi katikati, kwa hiyo hakuharakisha. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni yake nikiitikia "utuombee, utuombee" huku nikinusa, na naungama kwamba hadi leo nikisikia litania kinywa changu kinajaa mate.

Nilikuwa nimeletwa kwake nikiwa na miaka mitano. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akapangiwa Lingeka, kule Meatu, akakuta nyumba ya mwalimu haina mlango wala maji ya karibu. Akasema mtoto akae kwanza kwa bibi hadi mambo yatengemae. Hayakutengemaa haraka, na mimi sikuomba yatengemae. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na bibi, nimekula chungu kimoja naye, nimejifunza kusoma kwa kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Watu walinijua kama mtoto wake wa mwisho.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuoka. Michache aliiuza siku ya mnada ili apate unga mwingine. Iliyobaki aliigawa, na mgawo wake haukubadilika: mkate wa mgonjwa, kama kijijini kulikuwa na mgonjwa, mikate miwili ya chai ya kigangoni, yaani kanisa letu dogo la kijiji, ambako watu walikaa na kuongea baada ya ibada ya Jumapili, mkate mmoja kwa mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, aliyekuwa amejenga ng'ambo ya shamba letu, na skonzi kwa wajukuu. Nikiwa mdogo sana unga ulikuwa wa kupangia foleni kwenye duka la ushirika. Kuna miezi haukuja kabisa, na bibi alichanganya wa muhogo na wa mtama, akatoa kitu kizito kama tofali, na watu walikula wakasema asante.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Sitaki kuisema vibaya miaka hiyo, kwa sababu sisi watoto tulivaa viatu kwa mara ya kwanza, vya mitumba, na mimi nilipata gauni lenye ua kifuani lililokuwa limevaliwa na mtoto wa Ulaya. Maduka ya watu binafsi yalifunguliwa hata kijijini. Unga wa ngano ukawa wa kuchagua. Pamba nayo, ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, ikaanza kufuatwa na wanunuzi binafsi wenye malori yao na mizani yao. Mmoja wa wanunuzi hao alimchukua mjomba awe msimamizi wa kituo chake cha kununulia, kwa sababu mjomba alikuwa amefika darasa la saba na alikuwa na mwandiko mzuri. Misimu miwili baadaye mjomba alikuwa na pikipiki. Bibi aliinyunyizia maji ya baraka, injini na magurudumu yote mawili, mjomba akiwa amesimama pembeni anaona aibu na raha kwa pamoja.

Siku hizo alimpenda sana mama yake. Hilo pia nalisema, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linafanya mambo mengine yawe magumu zaidi.

Mjomba alikuwa na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa na miaka mitatu, mvulana mwenye kichwa kikubwa na sauti nene kama ya mtu mzima. Alikuwa anavuka shamba peke yake kila Jumamosi akisikia harufu ya tanuri. Anafika, anasimama mbele ya bibi, ananyoosha mkono, hasemi kitu. Bibi anamsalimia kama mzee mwenzake: "Mwangaluka, guku." Guku ni babu kwa Kisukuma. Anampa skonzi, mtoto anageuka, anarudi kwao akitafuna.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea, alikuja amechelewa. Skonzi ilikuwa imebaki moja na ilikuwa yangu. Bibi alinitazama, akaipaka asali juu, akampa yeye. Nilinuna. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilinuna kwa ajili ya skonzi.

Siku iliyofuata mtoto alipata homa. Jumatatu asubuhi akapata degedege, macho yakageuka, mwili ukakaza. Mjomba alimpakia yeye na mama yake kwenye pikipiki kuwakimbiza hospitali Bariadi mjini. Njiani kulikuwa na korongo, na korongo lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa yanapita mekundu, na magogo ndani yake. Walikaa ukingoni wakingoja yapungue. Maji yalipopungua walikuwa hawana tena sababu ya kuvuka.

Wakamrudisha. Bibi ndiye aliyemwosha, na ndiye aliyeongoza sala hadi katekista alipofika.

Siku ya tatu ya matanga, mke wa mjomba aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa amelia hadi uso umevimba. Alinishika mkono kwa upole, na upole huo nimeukumbuka kuliko ukali wowote niliofanyiwa baadaye.

"Mwanangu," aliniambia, "Jumamosi mdogo wako alikula nini kwa bibi yako?"

"Skonzi."

"Na wewe ulikula?"

"Hapana. Ilikuwa moja tu. Bibi alimpa yeye."

"Hiyo moja tu?"

"Ndiyo. Akaipaka asali."

Aliuachia mkono wangu. Nilisema kweli tupu, kila neno. Nilikuwa hata na kinyongo kidogo sautini, kile kinyongo cha skonzi, na nadhani alikisikia akakielewa anavyoelewa yeye.

Wiki mbili baadaye mjomba alipanda pikipiki akaenda kwa mganga, mbali, ambako hajulikani. Alikaa siku mbili. Mganga, kama ilivyokuja kusimuliwa, hakutaja jina la mtu. Alisema tu kwamba ni mwanamke mzee, ni wa ndani ya ukoo, na macho yake hukaa na moto. Kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi.

Sijui mjomba alimweleza nani. Labda alimweleza mkewe tu. Lakini kabla ya mwezi kuisha watoto wenzangu shuleni walikuwa wameacha kukaa nami benchi moja, na wanawake kisimani walikuwa wanajaza ndoo zao haraka bibi akikaribia. Walimsalimia bado. "Mwadila, mayu," walisema, yaani mama, kwa heshima ile ile, wakipiga goti kidogo, halafu wanaondoka na ndoo hazijajaa.

Bibi alioka Jumamosi ile kama kawaida. Alichora msalaba juu ya donge la unga kabla ya kulifunika, kama kawaida. Nilipomuuliza kwa nini anaoka mkate wa mjomba wakati wiki iliyopita tuliukuta umewekwa juu ya jiwe mpakani mwa shamba, haujaguswa, umejaa siafu, alisema, "Ni mwanangu. Nioke wa nani?"

Siku chache baadaye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa alitutembelea. Alikuwa mama mnene, mcheshi, ambaye bibi alikuwa amemzalisha watoto wawili. Alikaa, akasifu nyumba, akauliza habari za mama kule Meatu, akauliza habari za mvua. Kisha akasema:

"Mayu, tumezungumza kigangoni. Tumeona unachoka. Umri nao umekwenda. Tukasema upumzike. Mikate ya chai tutakuwa tunanunua dukani, siku hizi inaletwa ile ya kwenye mfuko wa nailoni kutoka Mwanza, imeshakatwa hata vipande."

"Mimi sijachoka," bibi alisema.

"Ndiyo mayu, lakini tumeona."

"Nani ameona?"

"Wote."

Bibi aliitazama mikono yake. "Hiyo mikate ya nailoni," akasema hatimaye, "mimi niliionja mjini. Ni mitupu ndani. Ni kama kula pamba." Mwenyekiti akacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi, akaaga. Chai tuliyomwekea hakuinywa.

Nimewaza sana juu ya ziara ile. Kama ingekuwa miaka mitano nyuma, wakati wa foleni, wangefanyaje? Wangelazimika kuchagua: wale mkate wa bibi, au wakae bila mkate na wamwambie machoni kwa nini. Sasa walikuwa na duka. Lori lililoleta sabuni na betri na viatu vya mitumba liliwaletea pia namna ya kumkataa mtu bila kumtamkia neno baya.

Jumapili iliyofuata bibi alibeba mikate yake miwili kigangoni. Nilimsihi asibebe. Alivaa kitenge chake cha umoja wa akina mama, akafunika kapu kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, tukaenda. Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mabenchi. Mezani kulikuwa na birika, vikombe, na mikate mitatu ya nailoni. Bibi aliweka kapu lake pembeni ya mikate ile, akakunjua kitambaa, akakata. Kila mtu alikuwa anaongea na mtu. Hakuna aliyetazama meza, na wote walikuwa wanaiona.

Katekista alikuja. Alikuwa mtu mzuri, nataka kuwa wa haki kwake. Alichukua kipande, akasema, "Asante mayu," akakishika. Aliongea na huyu na yule akiwa amekishika. Baadaye nilimwona anakitia mfukoni mwa koti. Na tulipokuwa tunaondoka nilikiona chini ya ua wa minyaa, kuku wanakigombania.

Halafu bibi aligeuka kwangu. Alikuwa ameshika kipande cha ukingoni, kile cha ngozi ngumu, nilichokuwa nakipigania tangu utoto. Alininyooshea mbele ya watu wote. Mazungumzo yalipungua. Wenzangu wa darasa la tano walikuwa pale, na mwalimu wetu, na mke wa mjomba akiwa bado amefunga kitambaa cheusi kichwani.

"Nimeshiba," nikasema.

Sikuwa nimekula kitu tangu jana yake. Bibi alijua, maana aliyekuwa akinipikia ni yeye. Alikirudisha kile kipande kapuni, akafunika kitambaa, akakaa. Tulirudi nyumbani. Ile mikate tuliwapa nguruwe wa jirani, na jirani mwenyewe alisita kwanza.

Siku chache baadaye, asubuhi, tulikuta tanuri limevunjwa. Pipa lilikuwa limebonyezwa katikati na udongo umetawanywa hadi kwenye mchicha. Bibi alizunguka mara mbili, akainama, akaokota matofali mazima na kuyapanga pembeni.

"Watakuwa ng'ombe wamepita," akasema.

Kulikuwa na alama za jembe kwenye bati. Nami niliziona, na yeye aliniona nikiziona.

"Watakuwa ng'ombe," akarudia, na sikubisha.

Mchana wake mjomba alikuja. Alikuwa hajakanyaga kwetu tangu matanga. Hakuzima pikipiki mara moja. Aliiacha ingurume kidogo, kama mtu ambaye hajaamua. Kisha alikaa kwenye kigoda na bibi akakaa kwenye mkeka, wakati siku zote mambo yalikuwa kinyume cha hapo.

"Mama," alisema, "watu wanaongea."

"Nimesikia."

"Mimi siwezi kukulinda kila siku. Kazi yangu ni ya kusafiri. Kwenye vijiji vingine unajua yanayotokea kwa akina mama wazee. Ni bora uende kwa dada, Meatu. Ukapumzike. Kwa usalama wako."

Bibi alimwangalia. "Na wewe, mwanangu, unaamini?"

Mjomba alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, ameota kitambi kidogo cha msimu wa pamba, na kwa dakika ile alionekana kama mvulana aliyetumwa.

"Mimi sitaki kuzika tena," akasema. "Hilo tu ndilo ninalojua."

"Nimekuuliza unaamini?"

Mjomba alisema kuna lori litakalopita Ijumaa kuelekea Bariadi, amekwisha ongea na dereva. Amekwisha ongea na dereva: yaani siku tuliyokuwa bado tunaamka nyumbani kwetu, safari yetu ilikuwa imepangwa.

Bibi alifunga nguo zake kwenye kitenge. Alichukua rozari, kitabu cha nyimbo, picha ya babu, na makopo manne ya mkate, akayapachika moja ndani ya jingine. Hakuna aliyetusindikiza barabarani. Tulipopita mbele ya kigango alipiga ishara ya msalaba. Nilimchukia Mungu kidogo wakati ule, na nilimchukia bibi pia kidogo kwa kutomchukia.

Mama alitupokea Lingeka kwa kulia. Alikuwa na vyumba viwili, na alikuwa ameshasikia kila kitu. Maneno kama hayo hufika kabla ya mgeni. Alimwosha bibi miguu, akamwandalia kitanda chake mwenyewe. Lakini wiki ya pili bibi alipoanza kuokota mawe ya kujengea tanuri dogo nyuma ya nyumba, mama alimfuata akayachukua mikononi mwake.

"Usioke hapa, mama."

"Kwa nini?"

"Watu wataulizia. Watauliza ulikuwa unaishi wapi, na kwa nini uliondoka. Mimi ni mwalimu hapa. Nina watoto wa watu darasani."

"Mkate tu," bibi alisema.

"Najua ni mkate tu."

Mama yangu alikuwa amesoma chuo cha ualimu. Alifundisha sayansi darasa la sita. Alichora mbu ubaoni na kueleza malaria inavyoingia mwilini na kupanda kichwani. Alijua kilichomuua yule mtoto kama anavyojua jina lake. Na bado alitupa yale mawe, moja moja, upande wa pili wa ua. Makopo yalikaa chini ya kitanda. Baadaye yakawekwa mahindi ya mbegu.

Bibi aliishi Lingeka miaka mitatu bila kuoka. Aliamka, akasali, akafagia, akachambua maharage, akasali. Alinenepa kidogo kisha akakonda sana. Mikono ilikuwa inamtaabisha. Nilimkuta mara nyingi anakanda pindo la kitenge chake bila kujua.

Na macho yake yakapona. Mama alimpeleka zahanati kwa sababu ya kikohozi, na muuguzi mmoja aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa macho akamvuta kope, akamulika, akasema, "Hii ni ya moshi, bibi. Moshi na vumbi, miaka mingi." Akampa tyubu ya dawa ya kupaka. Kwa mama tulipikia mkaa, nje, kwenye upepo. Wekundu ulianza kupungua polepole, kwanza pembeni, halafu katikati. Kufikia mwaka wa pili macho ya bibi yalikuwa meupe kabisa, meupe kuliko yangu. Alikuwa mwanamke mwingine. Nilikuwa nikimtazama nawaza: nimchukue sasa hivi, nimpandishe lori, nimsimamishe mbele ya kigango Jumapili, niseme, haya, mtazameni. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na sikuwa na nauli ya kunifikisha hata Mwanhuzi.

Siku moja tukichambua maharage niliamua kumwambia.

"Bibi, mimi ndiye niliyemwambia mke wa mjomba habari ya ile skonzi."

Hakuinua kichwa. "Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Basi."

Nikadhani yamekwisha. Alichambua maharage mengine, akatupa kijiwe, akapuliza maganda. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema:

"Lakini ule mkate, mbele za watu. Ule ungeula."

Hakulirudia tena. Nilikwenda kusimama nyuma ya choo cha shule hadi kengele ya jioni. Watu wanaoandika juu ya bibi zao huandika kwamba walisamehewa yote. Sijui kama mimi nilisamehewa. Aliendelea kunisuka nywele na kunifunika shuka. Huenda ndiyo ilikuwa msamaha wake, na huenda alikuwa anatimiza wajibu tu, maana alikuwa mtu wa wajibu.

Alikufa kwa kile kikohozi, mchana, mama akiwa darasani na mimi nikiwa nimemshika mkono. Nilipeleka habari shuleni. Mama alimaliza kuandika sentensi ubaoni kabla ya kugeuka.

Mjomba alikuja siku ya pili na lori la mwajiri wake na jeneza la mbao ya mninga. Akasema mama yake lazima azikwe kwao, pembeni ya mumewe, hawezi kuzikwa ugenini kama mtu asiye na watoto. Alilia kwa sauti, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Sijawahi kusikia mwanaume akilia vile. Mama hakubisha. Tukapanda lori.

Kijiji kizima kilikuja. Kwaya iliimba tangu asubuhi. Mwenyekiti wa jumuiya alisimama akamwita bibi nguzo ya kigango, mama wa mikate, na watu waliitikia kwa kutikisa vichwa. Padre mgeni, ambaye hakujua lolote, alihubiri kuhusu mwanamke mwema ambaye taa yake haizimiki. Kisha jeneza likafunguliwa watu wapite kumuaga. Walipita wote, taratibu, kila mmoja ameinamisha kichwa. Mke wa mjomba alipita. Katekista alipita. Mimi nilisimama kichwani pake nikiwatazama wanavyomtazama, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Bila shaka yalikuwa yamefumbwa. Nilikuwa nimengoja muda wote huo wayaone, na hakuna kitu duniani ningeweza kufanya.

Mwaka juzi nilipita Bariadi kwa shughuli za kikazi. Sasa ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, kuna lami, kuna hoteli. Enzi zetu Simiyu lilikuwa jina la mto tu, na sisi tulikuwa Shinyanga. Mjomba anaishi pembezoni mwa mji na mwanawe mkubwa. Biashara ya pamba ilimtupa zamani, mkewe amefariki, na miguu imevimba. Nilimkuta amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki akisikiliza redio. Alifurahi sana kuniona. Aliniulizia watoto wangu mmoja mmoja.

Kisha akapunguza sauti ya redio.

"Mjomba," alisema, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "wewe ulikuwa naye mwishoni. Mama aliwahi kunitaja?"

Ukweli ni kwamba alimtaja kila siku. Kila jioni, miaka mitatu, baada ya litania, aliwaombea watu wake kwa majina, na jina la mjomba lilikuwa la kwanza, kabla ya mama yangu, kabla yangu, kabla ya babu marehemu. Aliomba apewe usingizi. Hakuomba mali wala afya. Alimwombea usingizi tu, kana kwamba alijua anavyolala.

Nilimtazama. Alikuwa ameshika mikono ya kiti, anasubiri.

"Hapana," nikasema. "Hakuwahi kukutaja."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. "Sawa," akasema. "Sawa, mjomba." Akaongeza sauti ya redio, lakini sidhani kama alikuwa anasikiliza.

Bado yuko hai. Namba yake ya simu ninayo, na mwanawe husema mzee ananiulizia. Ningeweza kumpigia hata leo nikamweleza yalivyokuwa. Ingenichukua dakika mbili. Sijapiga.